Nilivyojifunza kuprogramu kwa video za bure

Sijawahi kukaa darasani kusomea kuprogramu wala kulipia kozi; karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii yalianzia kwenye video za bure mtandaoni. Mtu akiniuliza kama njia hiyo inafaa, humjibu kwamba kwa kuelewa inafaa sana, ila kwa kuweza kuandika programu mwenyewe haitoshi, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo iliyonichosha kuliko jambo lolote.

Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba mwalimu wa video hachoki kurudia, na usipomwelewa unaweza kumwacha ukamtafuta mwingine bila kumvunjia mtu heshima. Funksheni (kipande cha programu chenye jina lake) inayojiita yenyewe, kwa mfano, ilinigomea kwa walimu kadhaa, hadi nilipompata mmoja aliyechora hesabu ya faktoria ya 4, yaani 4 × 3 × 2 × 1, hatua kwa hatua: ya 4 inaisubiri ya 3, ya 3 inaisubiri ya 2, ya 2 inaisubiri ya 1, kisha majibu yanarudi kinyumenyume, 1, 2, 6 na hatimaye 24. Nilisimamisha video katika kila hatua, nikaziandika namba hizo kwenye karatasi, na jambo hilo halijanisumbua tena.

Kasoro ya kwanza niliyokutana nayo ni umri wa video. Msaada rasmi wa toleo la 2 la Python, lugha ya kuprogramu, ulikoma tarehe 1 Januari 2020, lakini video zinazolifundisha bado zipo, na anayezifuata huku akitumia toleo la 3 hukumbana na matatizo ya aina mbili. Amri ya print (ya kuonyesha kitu kwenye skrini) iliyoandikwa bila mabano hukataliwa papo hapo, na ujumbe wa kosa humwambia kilichokosekana. Hilo ni jepesi. Hatari iko kwenye kugawanya: 7/2 ilitoa 3 katika toleo la 2, ilhali toleo la 3 hutoa 3.5, na programu huendelea kufanya kazi bila kulalamika huku majibu yakipishana na ya mwalimu. Tangu nilipoligundua hilo, huangalia tarehe ya video na toleo linalotumika kabla hata ya kusikiliza utangulizi, ambao, kusema kweli, aghalabu hurukwa bila hasara.

Kasoro kubwa zaidi haihusiani na umri. Mwalimu ameshajiandaa, na pale alipokosea amepaondoa wakati wa kuhariri, hivyo mtazamaji huona msimbo, yaani maandishi ya programu, ukitiririka kama maji. Kuandika pamoja naye mstari kwa mstari humfanya mtu ajione ameshajua, mpaka afungue faili tupu. Nilichofanya ni kubadili utaratibu: nilitazama sehemu fupi, nikaifunga, nikaiandika programu ile kwa kumbukumbu, kisha nikaijaribu kwa jambo ambalo mwalimu hakuligusa. Programu ya kutafuta wastani wa alama, iliyokwenda vizuri kwenye video, ilikwama mara nilipoipa orodha isiyo na alama hata moja, kwani hakuna kugawanya kwa 0. Kusoma ujumbe ule wa kosa kuanzia mstari wa mwisho, kuutafuta mstari wa programu uliolalamikiwa, na kuamua programu ijibu nini orodha ikiwa tupu, kulinifunza zaidi ya video yenyewe.

Tena video haimsahihishi mtu. Programu inaweza kutoa jibu sahihi na bado ikawa mbovu, kama zile zinazochukua maneno ya mtumiaji na kuyaunganisha moja kwa moja na amri ya hifadhidata (ghala la taarifa la programu), zikamfungulia mlango mwenye nia mbaya aingize amri zake mwenyewe. Hapo ndipo mfululizo uliopangwa unapozishinda video za kuokoteza. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayofundishwa na David Malan, hutoa bure mihadhara yake pamoja na mazoezi ambayo kompyuta huyakagua. Huanza na Scratch, lugha ya kuprogramu kwa kupanga vipande vya picha, ikapitia lugha ya C, ndipo ifike Python na SQL, lugha ya hifadhidata. Ni ndefu na mazoezi yake ni magumu, lakini ndiyo iliyonizuia kurukaruka. Jicho la mtu nililipata kwa kuwaomba walionizidi ujuzi waipitie kazi yangu, na wengi wao walianza na majina niliyoyapa vigeu vyangu (sehemu za programu zinazobeba thamani), jambo ambalo kompyuta haikuwahi kulilalamikia.