Diski ya SATA haionekani kwenye PC ya zamani, nilivyotatua

PC yangu ni ya SATA (njia ya kuunganisha diski na kompyuta) ya kwanza, ile ya spidi ya 1.5 Gb/s, nikafunga diski ya 3 Gb/s inazunguka vizuri tu lakini BIOS (programu inayoanza PC ikiwashwa) inatafuta weee haioni kitu, nikabadilisha waya, wapi! Kumbe diski na kontrola (chipu ya PC inayowasiliana na diski) zilikuwa hazielewani spidi, kikawaida diski inashuka yenyewe ila kuna kontrola za zamani hilo linazishinda kabisa. Sasa angalia nyuma ya diski, pembeni ya tundu la data kuna vipini vidogo na mchoro wake upo kwenye lebo, nikachomeka jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha vipini viwili) ya kuilazimisha ishuke 1.5, kuwasha tu ikasoma hapo hapo. Ila si diski zote zina hiyo jampa, cheki kabla hujanunua.