Folda ya Wanubi

Maneno manne yamenikosesha usingizi tangu Jumatano. "Hapo sasa umesema kweli." Nimeyasikia nikichota maji bombani, nimeyasikia ndani ya takisi huku kondakta akiita watu wa Bwaise na Kawempe, na leo alasiri nimeyasikia nikiwa kwenye sijda mpaka nikasahau niko rakaa ya ngapi.

Wiki hii pendekezo langu la tasnifu limepita, mdogo wangu ameposwa, na Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, tumeiadhimisha kwa ngonjera na pilau. Yote hayo ni ya furaha na nitayaandikia siku yake. Leo siwezi kuandika lingine kabla sijalitoa hili la Jumatano.

Mnajua kwamba vyanzo vyangu vyote naviweka kwenye Zotero, ile programu ya bure ya kuhifadhi marejeleo. Upande wa kushoto wa skrini zinakaa folda, katikati makala na vitabu, kulia maelezo ya kila kimoja. Nilizitengeneza folda zangu mwaka jana, usiku ule nilipoamua kweli kwamba nitaandika juu ya historia ya Kiswahili Uganda. Nilizipa majina mafupi bila kufikiri sana: Amin, Gowers, Jeshi, Kabaka, Kamati, Katiba, Shule, Wanubi. Nimezitaja kama zinavyokaa kwenye skrini, kwa sababu programu yenyewe huzipanga kwa alfabeti. Huwezi kuishika moja ukaipandisha juu ya nyingine kama unavyopanga vitabu mezani. Mwaka mzima nimeziona hivyo kila siku, na kwangu ulikuwa mpangilio wa herufi tu.

Jumatano Mwalimu, msimamizi wangu wa tasnifu, alitaka kuviona vyanzo kabla sijaanza sura ya kwanza. Nikafungua laptopu juu ya meza yake, kati ya rundo la mitihani na kikombe cha chai kilichopoa. Akavuta kiti, akavaa miwani, akasoma ile orodha kimya kimya. Kisha akauliza, bila ukali:

"Mbona Amin ametangulia wote?"

"Ni herufi tu, Mwalimu. Inapanga yenyewe kwa alfabeti."

"Tasnifu yako inaanza mwaka gani?"

"1891."

"Na huo 1891 uko wapi hapa?"

Nikaonyesha kwa kidole. Chini kabisa, mwisho wa orodha: Wanubi.

Hapo ndipo nilipoharakisha. Nilitaka aone kwamba mpangilio naujua, kwamba najua nani alikuja kwanza. Nikaishika folda ya Wanubi kwa kipanya, nikaiburuta kwenda juu, ikazipita Shule, Katiba, Kamati, zote, hadi kileleni. Mstari wa Amin ukawaka rangi ya buluu. Nikaachia. Wanubi ikatoweka. Pembeni mwa jina la Amin kikatokea kishale kidogo ambacho hakikuwapo. Nikakibofya, na folda yangu ilikuwa humo ndani, imesogezwa kidogo kulia, kama mtoto anayetembea nyuma ya mzazi wake.

Mwalimu akaangalia. Akasema, "Hapo sasa umesema kweli."

Mimi nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Kisha akaniuliza habari za ukurasa wa shukrani, na tukaendelea na ukurasa wa shukrani.

Sasa nisaidieni. Kila nikiurudia mkasa huu nausikia kwa sauti tofauti. Mara nasikia mtu anayezungumzia programu: nimeburuta vibaya, naye kafanya utani mdogo. Mara nasikia msomi anayezungumzia historia, kwamba huwezi kumwandika Amin bila kuwaandika Wanubi. Na usiku, taa zikizimwa, namsikia mtu mzima akiniambia mimi, mtoto wa Bombo, mji wetu Wanubi, kwamba mahali pa watu wangu ni ndani ya mtu yule mmoja, na kwamba mkono wangu wenyewe umekiri.

Nani atanilaumu nikiisikia hiyo ya tatu? Watu wetu walifika na Lugard, yule ofisa Mwingereza, mwaka 1891, askari wa Kisudani waliosalia huku baada ya gavana wao Emin Pasha kuondoka, pamoja na wake zao, watoto na wafuasi. Baada ya hapo ikaja Keya, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, mwaka 1902, na Bombo ikawa kambi. Nyumbani tulizungumza Kinubi, kwa majirani Kiluganda, na Kiswahili kikaja na amri za gwaride kikabaki kuwa lugha ya utani na ya kukopeshana sukari. Bibi yangu alizaliwa katika hali hiyo. Amin alipochukua nchi, Bibi alikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wanne na kibanda cha kuuza sambusa. Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, aliondoka Bombo kwa miguu, mtoto mgongoni, kwa sababu barabarani watu walimwita "mtu wa Amin". Hajawahi kumwona Amin kwa macho yake. Alipokuwa akitusimulia hakulia, alikuwa anataja tu vitu alivyoviacha: cherehani, sufuria kubwa ya harusi, mikeka sita aliyoisuka mwenyewe.

Kwa hiyo naijua folda ile. Wengine waliniweka humo kabla sijajua kusoma. Shuleni, nikizungumza Kiswahili uwanjani, wenzangu walikuwa wakinyoosha mikono juu kama watu waliosimamishwa kizuizini na wanajeshi.

Lakini namjua na Mwalimu. Mliosoma niliyoandika Ramadhani mnakumbuka ni nani aliyenilipia ada ya muhula ule baba alipolazwa. Na kuna jambo ambalo sikuliandika. Siku moja tukirudi kwenye semina, ndani ya gari lake, foleni ikiwa imesimama kabisa, aliniambia kwamba baba yake alichukuliwa dukani mwaka 1972, akiwa na rula ya kupimia vitambaa mkononi, na hakurudi tena. Aliniambia hivyo tu, akafungua dirisha, akanunua njugu. Waliomchukua walizungumza Kiswahili. Nimejiuliza mara nyingi inakuwaje mtu wa namna hiyo akakisomea Kiswahili, akakifundisha maisha yake yote, na akakubali kumsimamia binti wa Bombo. Ndiyo maana siwezi kumkasirikia sawasawa. Nikijaribu, naiona ile rula.

Basi hali ilikuwa hiyo hadi Alhamisi jioni.

Alhamisi ni zamu yangu ya maktaba. Nilikuwa narudisha vitabu kwenye rafu, kazi ambayo mikono inaifanya yenyewe, nikashika kamusi moja yenye lebo ya 496.392 mgongoni. Hiyo ndiyo namba ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey, nimeibandika mamia ya mara. Nikasimama nayo katikati ya rafu. Maktaba nzima haipangwi kwa herufi za majina ya vitabu. Mtu alikaa akaamua kipi kikae jirani na kipi, kisha akakiandikia namba mbele, na rafu ikatii. Dewey aliutoa mpangilio wake mwaka 1876, nami naula mshahara wake kila mwezi, lakini haikunijia kamwe kwamba folda zangu mwenyewe zinaweza kuandikwa namba.

Nilifika nyumbani saa tatu usiku, sikuvua hata viatu. Kwanza niliitoa Wanubi humo ilimokuwa. Unaishika, unaiburuta hadi juu kwenye jina la maktaba kuu yenyewe, unaachia, nayo inatoka. Ilikuwa imekaa humo siku nzima na nusu. Kisha nikabofya kitufe cha kulia, nikachagua kubadilisha jina, nikaandika: 01 Wanubi 1891. Nilipobonyeza kitufe cha kuingiza, ikaruka. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa chini, ikawa juu, bila kuburutwa na mtu.

Nikaendelea. 03 Gowers 1927, yule gavana aliyetaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala. 04 Kabaka 1929, Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akimpinga kwa ajili ya Kiluganda. 05 Kamati 1930, ile ya kusanifisha lugha kwa Afrika Mashariki nzima. 06 Amin 1973, alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. 07 Katiba 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. 08 Shule 2022, baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima. Niliziandika kwa sifuri mbele ili zikifika kumi zisivurugike, tabia ya maktaba. Na nilipoziona zimesimama hivyo, kuanzia Lugard hadi watoto wa leo, moyo wangu ulijaa. Kwa mara ya kwanza niliona tasnifu. Kabla ya hapo nilikuwa na makala tu.

Mtaona nimeruka namba 02. Hiyo niliiachia Jeshi, ikanikalia saa nzima. Jeshi halina mwaka mmoja. Liko kwenye Keya ya 1902, liko kwa Amin, liko Aprili 1979 wakati Watanzania walipoingia Kampala na Kiswahili cha namna nyingine kabisa, kile cha kumwambia mama mzee "shikamoo" kabla ya kumuuliza njia. Na liko leo kwenye kila kituo cha ukaguzi. Ukiliweka la pili unasema lilikuja likapita. Ukiliweka la mwisho unasema ndilo linalotawala. Nilijaribu kote kuwili nikihisi nadanganya.

Suluhisho lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, na ndilo ninalolipenda zaidi katika programu hii. Makala moja inaweza kukaa katika folda nyingi bila kunakiliwa. Inabaki makala ile ile. Folda ni mahali pa kuikutia tu, na ukiitoa kwenye folda moja haifutiki katika maktaba. Kwa hiyo Jeshi niliipa 02 kwa ajili ya 1902, kisha nikachukua vyanzo vyake kimoja kimoja na kuviweka pia kila vilipohusika. Makala yangu moja juu ya Kiswahili cha kambini sasa inakutwa katika folda tatu.

Nilipofika kwa 06 Amin nilisita. Ni kweli wako watu wetu waliomtumikia. Nisipoliandika hilo, ile rula ya baba yake Mwalimu itakuwa imeshikwa na mkono usio na mtu. Basi nikafungua Wanubi, nikasoma upya, nikatoa vyanzo kumi na kimoja vinavyozungumzia miaka ile, nikaviweka na ndani ya Amin, huku vikibaki kwetu. Kumi na kimoja kati ya sitini na vinne. Nilivihesabu mara mbili. Folda yenyewe haikuingia.

Hilo ndilo ambalo ningependa kumwambia Mwalimu, na ndilo nililoshindwa kulisema Jumatano nikasema "Ndiyo, Mwalimu." Kwamba watu wangu wamo humo, kumi na mmoja wamo, na nitawaandika kwa majina yao bila kuwaficha. Waliobaki wana kwao, na kwao kulikuwapo miaka themanini na zaidi kabla yake.

Ijumaa niliipiga picha orodha mpya nikamtumia kwa simu. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena maelezo marefu, mwishowe nikatuma picha na salamu peke yake. Alijibu baada ya swala ya Ijumaa: "Nimeona. Kwenye Kamati usisahau ilihamia Makerere 1952." Nimeusoma ujumbe huo labda mara ishirini. Ni kweli, nilikuwa nimesahau Makerere, na nimeshaiongeza. "Nimeona" sijui niiweke wapi. Aliiona 01? Aliiona 06? Jumatano ijayo nitakuwa ofisini kwake tena, na nimeshaapa kwamba akisema neno lolote nitamuuliza alimaanisha nini, kwa heshima, nikiwa nimekaa, laptopu ikiwa imefungwa.

Leo asubuhi nilimpigia Bibi nikamweleza habari yote, kadiri mtu anavyoweza kueleza folda kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na mikeka umeiandika?" Nikamwambia bado. Sijui mikeka inaingia folda gani, lakini nimefungua 09 haina jina.

Ni saa sita kasoro. Nilitaka kulala, ila nasikiliza ukuta. Mtoto wa jirani ana homa tangu Alhamisi na kila usiku analia kuanzia saa nne, sauti inapita matofalini kama tumo chumba kimoja. Leo hajalia. Mlango wao una kufuli kwa nje, kandambili zake ndogo za njano ziko pale pale mlangoni, na simu ya mama yake haipatikani.