Usingizi wa Mwenzako

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Marko 4:35–41, habari ya dhoruba iliyowakuta wanafunzi ziwani, na najua kwamba wengi wenu mmeisikia ikihubiriwa mara nyingi kwa upande wa upepo ulionyamazishwa. Naomba leo tubaki kwenye mstari wa 38 peke yake, pale tunapoambiwa kwamba Bwana alikuwa katika shetri, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Mtu aliyepata kuendesha lori kwa zamu na mwenzake hawezi kuupita mstari huo haraka, kwa sababu anaona jambo ambalo mwingine huenda asilione: Bwana alilala wakati usukani uko mikononi mwa watu wengine. Simoni na Andrea na wana wa Zebedayo walikuwa wavuvi, na ziwa lile walilijua tangu utoto; yeye alikuwa seremala. Aliwaachia chombo, akaweka kichwa chini, akasinzia.

Nilipokuwa bado barabarani, kabla sijastaafu na kutulia hapa Nakuru, nilishindwa kufanya hivyo kwa miezi mingi. Malori mengi ya kwetu hubeba dereva mmoja na utingo wake, lakini mwajiri wetu alituweka madereva wawili wenye leseni katika trela moja, kwa kuwa shehena yetu ilikuwa ya haraka, na kutoka Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Sheria ya Trafiki nayo hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, kwa hiyo mpango wenyewe ulikuwa mzuri: mmoja anaendesha, mwingine analala kwenye kile kitanda chembamba kilicho nyuma ya viti, kisha wanabadilishana. Mwenzangu alikuwa kijana wa Bungoma, mdogo kwangu kwa miaka kama 15, mtu wa maneno machache. Aliniita mzee. Mimi nilimwita kijana, na nilichelewa sana kutambua kwamba alikuwa na watoto watatu na kwamba jina hilo halikumpendeza.

Safari zetu za kwanza nilikuwa nikimkabidhi usukani hapa Nakuru, napanda kitandani, najifunika blanketi, na hapo ndipo kazi yangu ya pili ilipoanza. Nilihesabu gia zake kwa sikio. Akichelewa kubadilisha kwenye mlima wa kuelekea Mau Summit, nilikunja uso gizani; akikaribia kona, mguu wangu ulikandamiza godoro kana kwamba kuna breki pale. Tukifika Eldoret aliniuliza, kwa heshima, "Mzee, umelala vizuri?" Nami nilijibu kwamba nimelala kama mtoto. Huo ulikuwa uongo, tena uongo wa mzee wa kanisa. Nilishika usukani nikiwa na macho yaliyojaa mchanga, na usiku mmoja kati ya Turbo na Webuye nilishtushwa na mkono wake begani, kumbe gurudumu la kushoto lilikuwa tayari linakula changarawe. Sikuwa nimechoka kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nimechoka kwa sababu sikumwamini mtu ambaye hakuwa amenipa sababu yoyote ya kutomwamini.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la tahadhari tu, na kwamba dereva mzoefu hawezi kumwachia roho yake kila mtu. Nakubali kwa sehemu. Ila tahadhari ya kweli humwambia mwenzake neno usoni, wala haijifichi chini ya blanketi ikikusanya makosa ya mtu kama karani wa mizani.

Na makosa niliyoyakusanya hayakubaki kitandani. Kuna mkebe wa omena wa kukaanga ambao mwenzangu alifungiwa nyumbani kila tulipopita kwao, na kabini ikishafungwa madirisha kwa ajili ya baridi ya Timboroa, harufu ile hukaa nawe mpaka Gilgil. Sikumwambia kitu. Juu ya hilo niliongeza posho ambayo nilidhani alinipunja, na simu aliyopokea kwa sauti kubwa nikiwa nimelala, au tuseme nikijifanya nimelala. Tulipokuwa tunarudi tupu kutoka Malaba, zamu ilikuwa yangu, yeye amelala fofofo, na mbele ya taa zetu yakatokea matuta ya Burnt Forest. Niliyaona mapema. Mguu wangu ungeweza kupunguza mwendo, lakini haukupunguza. Trela tupu likipigwa na tuta, ndugu zangu, hurusha kila kitu kilichomo. Nilisikia kichwa chake kikigonga ubao wa juu ya kitanda, kisha nikasikia kimya.

Nilingoja anitukane, na nadhani nilitaka anitukane ili tuwe sawa. Baada ya kitambo alisema polepole, akiwa bado amelala chali, "Mzee, kama nimekukosea, niambie nikiwa macho."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Mathayo 18:15, mahali Bwana anapoagiza kwamba ndugu akikosa umwendee, umwonyeshe kosa lake mkiwa wawili peke yenu. Hakuna mahubiri yaliyonieleza agizo hilo kama maneno yale ya kijana wa Bungoma. Kumwendea ndugu ni kumwendea akiwa macho, akiweza kujibu, akiweza hata kukuonyesha kwamba umekosea wewe. Kinyongo hupenda kumpiga mtu aliyelala. Katika nyumba zetu humpiga kwa chumvi iliyozidi kwenye mboga na kwa mlango uliofungwa kwa kishindo. Katika kwaya kwa wimbo ulioanzishwa juu makusudi. Katika lori hutumia breki, usukani na matuta. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba jua lisichwe wakiwa bado na hasira, na kwa madereva wa zamu neno hilo lina ugumu wake, maana jua linapochwa ndipo mmoja anapoingia kazini na mwingine anapoingia kitandani. Dakika zile chache za kubadilishana, lori likiwa limesimama na injini ikinguruma, ndizo tulizo nazo.

Tulisimama Salgaa usiku ule, tukanunua chai, nikamwambia yote, pamoja na omena. Alicheka sana kwa habari ya omena. Kuhusu posho, alitoa karatasi zake mfukoni, tukahesabu pamoja chini ya taa ya kibanda, na ikaonekana kwamba mimi ndiye niliyekosea hesabu. Naye alikuwa na lake: kwamba mbele ya makuli wa Mombasa nilikuwa nikimwagiza kama utingo. Nilitamani kujitetea, lakini nilikuwa nimetoka kumgonga kichwa.

Sisemi kwamba kila wawili ni lazima wasafiri pamoja. Paulo na Barnaba walishindana juu ya Marko mpaka wakatengana, kila mmoja akashika njia yake, na Luka hakuona haya kuliandika katika Matendo 15. Ikiwa mwenzako anakunywa kabla ya zamu yake, mwambie mwajiri mpangiwe upya. Lakini wengi wetu tunaoomba kupangiwa upya tunakimbia mazungumzo ya chai moja.

Baada ya usiku ule nilianza kusikiliza gia kwa namna nyingine. Mnaujua mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan kushuka Salgaa, na mnajua umekula watu wangapi. Alfajiri ya 31 Desemba 2017 pale Migaa peke yake, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Katika mteremko ule wapo madereva wanaotoa gia na kuliachia lori lishuke lenyewe ili wabakishe mafuta ya kuuza. Mwenzangu alikuwa akianza kupunguza gia mapema kabisa, kabla mteremko haujakolea, akaiacha injini ilishike lori, na breki akazigusa kidogo tu ili zisipate moto. Alifanya hivyo saa tisa ya usiku, bila mwajiri kumwona, bila polisi, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Amefanya hivyo tangu safari ya kwanza. Masikio yangu ndiyo yalikuwa na shughuli nyingine. Zaburi ya 127 inasema kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi, na mimi naamini kwamba usingizi wangu aliupitishia katika mguu wa kijana yule.

Safari iliyofuata nilimkabidhi usukani hapa Nakuru kama kawaida, nikamweleza kwamba tairi la ndani la nyuma lina upepo mdogo, nikapanda, nikajifunika. Kitu cha pili ninachokumbuka ni mwanga wa asubuhi kwenye pazia na ukimya wa injini iliyozimwa. Nilichungulia. Tulikuwa kwenye foleni ya malori, karibu na Malaba. Eldoret, Webuye na Bungoma zimepita sikuziona, na mizani sikuisikia. Mwenzangu alikuwa nje, ameketi juu ya kipande cha gogo kando ya barabara, koti limefungwa mpaka shingoni, akinywa chai ya kibandani kwa sababu chupa yetu ya chai ilikuwa ndani, karibu na kichwa changu.

"Zamu yangu ilifika zamani," nikamwambia. "Mbona hukuniamsha?"

"Foleni haijasogea, mzee," akasema, akanisogezea nafasi kwenye gogo.