Wanyama wamehamia chumba cha mtoto

Jamani, picha za chumba cha mtoto zimeshatundikwa na furaha yangu haifichiki! Tuna pundamilia, tembo na mwanawe, na twiga.

Pundamilia ndiye niliyempigania. Picha nyingi za watoto zina rangi zilizofifia, zinapendeza machoni petu sisi wakubwa. Lakini mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo kama sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, na macho yake huvutwa zaidi na weusi juu ya weupe. Kwa hiyo pundamilia yuko pembeni kabisa mwa meza ya kubadilishia nepi, karatasi tupu bila fremu, usawa wa uso wa mtoto akiwa amelala. Leo ameikodolea macho ile michirizi ya shingoni, kimya, mpaka nimemaliza kumfunga nepi!

Juu ya kitanda chake hakuna kitu. Hapo sina mjadala na mtu, hata fremu iwe nyepesi vipi. Msumari hulegea, na mtoto akianza kusimama huvuta chochote anachokifikia. Tembo wako ukuta wa mbele, fremu ya mbao, na badala ya kioo tumeweka plastiki ngumu angavu. Nyuma kuna kulabu mbili, ili fremu isiende upande.

Twiga ni stika, yuko karibu na mlango. Shingo yake tutaitumia kupimia urefu.

Mwenye mchoro mzuri wa kasa anitumie, karibu na dirisha bado pana nafasi.