Nilivyoondoa ukali wa kingo za meza ya mbao

Sehemu za meza niliyokuwa nikiitengeneza zilipokwisha kupigwa randa, kila ukingo ulikuwa mkali kiasi cha kukwaruza ngozi. Ukali huo hauudhi mkono peke yake, kwani vanishi ikipakwa juu ya ukingo mkali hubaki tabaka jembamba sana, na hapo ndipo inapoanza kubanduka.

Kabla ya kugusa chochote nilizipanga sehemu zote jinsi zitakavyoungwa, nikatia alama ya penseli kwenye kingo zisizopaswa kulainishwa. Pale ubao unapogundishwa kwa ubao mwenzake, au unapokutana na mguu kwa usawa, ukingo sharti ubaki mkali, la sivyo baada ya kuunga utaonekana mfereji ambao hauzibiki vizuri hata kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kwangu mimi, hatua hii ina uzito kuliko kupiga msasa kwenyewe.

Wengi huanza moja kwa moja na msasa. Sikuifuata njia hiyo, kwa sababu mkono hukandamiza zaidi mahali pamoja kuliko pengine, na ukingo huishia kuwa na mawimbi yanayojitokeza mara tu vanishi inapong'aa. Nilichora mistari miwili, milimita 2 kutoka ukingoni kila upande, kisha nikainamisha randa ndogo yenye makali kwa digrii 45 na kupunguza taratibu hadi kuifikia mistari yote miwili. Nilitangulia na ncha za ubao, pale nyuzi za mbao zilipokatwa, nikisukuma randa kutoka pembeni kuelekea katikati, maana ikipitishwa mpaka nje hung'oa kibanzi. Ndipo nikaingia kwenye kingo ndefu. Randa inapofuata nyuzi hutoa maranda membamba yanayojikunja bila kukatika. Ilipoanza kukwama na kurarua, niligeuza upande wa kusukuma.

Baada ya randa, ukingo mmoja mkali huwa umezaa kingo mbili zilizo butu zaidi, na hizo ndizo nilizoziviringisha kwa msasa namba 120 uliofungwa kwenye kipande bapa cha mbao, kisha 180 (namba ikiwa kubwa, msasa huwa laini zaidi). Pembe zinapokutana kingo tatu nilizisugua kwa ncha ya kidole tu, kwa kuwa huliwa upesi mno. Kingo za chini ya meza nazo sikuziacha, maana ndizo zinazoshikwa meza inapoinuliwa.

Nilipitisha kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zilizolala zisimame, nikaacha mbao ikauke kabisa, nikamalizia kwa msasa namba 240 bila kukandamiza. Kwa ukaguzi nilitumia soksi ya nailoni, ambayo hunasa kwenye kibanzi kidogo kisichosikika kwa mkono. Ncha za ubao niliziongezea msasa namba 320, kwa kuwa hunywa vanishi nyingi na kuiva rangi kuliko sehemu nyingine.