Mvua Ile Ile, Nchi Mbili

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili nimekaa na swali ambalo Mungu alimuuliza Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli: ni nani anayeinyeshea mvua nchi isiyokaliwa na mtu? Kwa miaka mingi nililisoma kama pambo la ushairi. Sasa naliona kuwa ni swali la hesabu pia, kwa kuwa mvua, pamoja na joto, ndiyo inayozigawa kanda kuu za uoto duniani, zile ambazo wataalamu huziita bayomu. Na hesabu hiyo haitoki jinsi tulivyozoea kuhesabu baraka.

Jangwa hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Tundra, nchi ya baridi kali inayoizunguka Aktiki kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, kwa sehemu kubwa hupata kiasi hicho hicho au pungufu yake. Hata hivyo, ukiikanyaga tundra katika majira yake mafupi ya joto, mguu unazama, madimbwi yametapakaa kila upande na mbu wametanda kama wingu. Chini ya udongo wa juu ipo ardhi iliyoganda mwaka hadi mwaka, kwa hiyo maji hayana pa kupenyea, wala baridi hairuhusu mengi yageuke mvuke. Mimea yake hujibana chini kuukwepa upepo, mingine isizidi kimo cha kidole, na ina miezi miwili hivi ya kuchipua, kuchanua na kukomaza mbegu. Mvua ile ile, basi: huku mchanga, kule kinamasi. Nakiri kwamba nimewahi kumtazama ndugu aliyepewa sawasawa na mwenzake na kumlaumu kwa ukavu wake, pasipo kuuliza chini yake kuna ardhi ya namna gani.

Huko jangwani nako kuna jambo la kutazamwa kwa karibu. Mbegu za baadhi ya mimea yake zina kemikali inayozizuia kuota. Manyunyu hayazidanganyi; mpaka ije mvua ya kutosha kuisafisha kemikali hiyo, ambayo ndiyo itoshayo pia kuulea mche, mbegu hutulia mchangani, pengine kwa miaka. Mpita njia ataapa kwamba hapo hapana kitu.

Savana na taiga nazigusa tu, ingawa kila moja ingestahili juma lake. Nyasi za savana hukua kutokea chini, karibu na ardhi, ndiyo maana moto na meno ya wanyama hukata majani bila kuua mmea. Katika misitu ya taiga, ile ya misonobari ya kaskazini, ipo misonobari ambayo koni zake, yaani vifuko vigumu vya mbegu, zimezibwa kwa utomvu, nazo hufunguka joto la moto linapozipitia.

Lakini kilichonishika zaidi ni msitu wa mvua wa Amazon. Hapo milimita 2,000 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na macho yanasema kuwa udongo wake lazima uwe tajiri. Fukua tabaka la majani yaliyooza, nawe utakuta limesukwa kwa mizizi myembamba na nyuzi nyeupe za kuvu zinazonyakua kila chembe ya rutuba kabla haijashuka. Chini ya hapo, sehemu kubwa ya udongo ni maskini, kwa sababu mvua hiyo hiyo tunayoisifu imekuwa ikiuosha tangu zamani. Utajiri umo ndani ya miti yenyewe, na kila mwaka mito hubeba hadi baharini sehemu ya fosforasi, kirutubisho ambacho mimea haikui bila hicho.

Mwaka 2015, wanasayansi waliopima vumbi kwa satelaiti walikadiria kwamba upepo wa Sahara huipelekea Amazon tani 22,000 hivi za fosforasi kwa mwaka, karibu sawa na kiasi kinachopotea. Sehemu kubwa ya fosforasi hiyo inadhaniwa kutoka bonde la Bodélé nchini Chad, lililokuwa sakafu ya ziwa kubwa lililokauka maelfu ya miaka iliyopita, likaacha mabaki ya viumbe vidogo vya majini. Leo ni nchi kame, yenye upepo mkali. Vumbi lake huinuka, huvuka Atlantiki yote, kisha mvua hulishusha juu ya majani.