Siku 90 baada ya nyundo: piga hesabu kabla ya kuinua mkono

Tangazo la mnada gazetini huwa na masharti kwa herufi ndogo, chini kabisa, na wengi huyasoma wakishashinda. Kwa mali zilizowekwa rehani benki, sharti la kawaida hapa Nairobi ni asilimia 25 nyundo inapogonga, na salio ndani ya siku 90. Usichanganye na mnada wa mahakama wa kutekeleza hukumu. Huko salio hutakiwa kufikia siku ya 15.

Chukua nyumba iliyogongwa kwa milioni 12. Milioni 3 zinatoka siku hiyohiyo. Ile amana uliyoweka kwa dalali asubuhi ili upewe namba ya kushiriki huhesabiwa humo. Ukishindwa mnadani unarudishiwa. Zinabaki milioni 9. Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali ya mjini, yaani kama 480,000, pamoja na ada ya wakili. Na kama masharti yanakutwika malimbikizo ya kodi ya kaunti, hayo nayo ni yako. Uliza deni hilo kabla ya mnada, maana baadhi ya viwanja vimekaa miaka bila kulipiwa.

Siku zinaanza kuhesabiwa tarehe ya mnada. Wakili akikawia kupata nakala za hati, saa haikusubiri. Nyundo ikigonga 3 Machi 2026, siku ya 90 inaangukia 1 Juni, sikukuu ya Madaraka, Jumatatu. Kabla yake ni wikendi. Kwa hiyo siku yako ya mwisho ya kulipa bila wasiwasi ni Ijumaa, 29 Mei. Usitegemee kwamba sikukuu itakuongezea siku: huu ni mkataba, na neno la mwisho ni la masharti uliyotia sahihi. Kumbuka pia kwamba hundi ya zaidi ya milioni 1 haipiti kati ya benki na benki. Salio linakwenda kwa RTGS, yaani uhamisho wa moja kwa moja kutoka benki hadi benki, na benki yako itataka makaratasi kabla ya kuachilia milioni 9. Wapelekee wiki moja mapema.

Wanaoumia zaidi ni wanaotegemea mkopo. Benki yako inataka mthamini wake aingie ndani ya nyumba, na mdaiwa bado anaishi humo. Geti linafungwa, mthamini anarudi mara ya pili, ya tatu. Halafu kuna fundo la hati: benki yako haitoi pesa bila kushika hati miliki kama dhamana, na benki inayouza haiachii hati bila pesa. Fundo hili hufunguliwa kwa barua ya ahadi, ambapo benki yako inaahidi kulipa salio mara tu uhamisho na rehani mpya vikisajiliwa. Mawakili wa pande mbili wanaweza kubishana juu ya sentensi moja ya barua hiyo kwa wiki kadhaa. Tena, ikiwa masharti yanasema pesa taslimu ndani ya siku 90, benki inayouza hailazimiki kuikubali. Uliza kwa maandishi kabla ya mnada kama wataipokea. Wakikataa na huna pesa mkononi, achana na mali hiyo, hata iwe rahisi namna gani.

Shamba la pembezoni linalohitaji kibali cha bodi ya ardhi lina kalenda yake. Peleka ombi wiki ya kwanza baada ya mnada.

Mdaiwa akikimbilia mahakamani baada ya nyundo kugonga, haki yake ya kukomboa mali imeshakwisha, na kifungu cha 99 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Lakini amri ya kusimamisha uhamisho inaweza kutolewa hata hivyo. Siku hiyohiyo wakili wako aandikie benki inayouza akiomba ithibitishe kwamba siku zimesimama. Ukikaa kimya, mtakuja kubishana baadaye.

Ukichelewa, ile asilimia 25 inakwenda na mali inarudi mnadani. Masharti mengine yanakudai hata pengo ikiuzwa kwa bei ya chini mara ya pili. Ukiona hutafika, omba nyongeza ya muda kabla siku ya 90 haijapita, na ujiandae kutozwa riba juu ya salio. Afisa wa benki akikuambia kwenye simu “hakuna shida,” mwambie akutumie barua.